Kome Kumi na Wawili wa Hombolo

Sijaona kiumbe mvivu kama kome, lakini Anitha aliwapenda hivyohivyo. Alikuwa nao kumi na wawili kwenye kitundu cha waya, ukingoni mwa bwawa la Hombolo, kila mmoja amebandikwa kihisi kidogo kwenye gamba. Kome akifunua gamba, simu ilionyesha kijani, akifunga, nyekundu. Maji yakiingia sumu wangefunga wote kwa pamoja. Ndivyo alivyowaahidi walimu wake wa chuo kikuu, na kwa miezi mitatu kome wakamwangusha, kila mmoja akifunga kwa wakati wake. Ijumaa alitakiwa apeleke matokeo au abadilishe utafiti.

Jumatano asubuhi, akiwa bwawani, simu ikawa nyekundu tupu. Wote kumi na wawili!

"Jamani!" alipiga kelele peke yake kwa furaha. Akapandisha mbio korongo linaloleta maji bwawani, kandambili moja mguuni, nyingine sijui iliishia wapi. Mbele kidogo akamkuta Mzee Methodi, mwenye shamba la zabibu aliyempa chumba, anasuuza bomba la kupulizia dawa ya ukungu, mara ya kwanza msimu huu. Maji ya bluu yalikuwa yakiteremka taratibu.

"Shikamoo mzee! Kumbe ni wewe!"

"Marahaba. Nimefanya nini tena?"

Akamwonyesha simu, akaeleza huku anahema. Mzee aliangua kicheko.

"Yaani konokono wako wamenisemea?"

"Kome, mzee."

"Wamejuaje, na macho hawana?"

"Wanaionja dawa. Ikiwawasha, wanajifungia."

Mzee alifurahi kweli. Alitaka waitwe majirani wote, tena sasa hivi, waje kuona maajabu. Ghafla akageuka kuangalia maji ya bluu yanakoelekea.

"Kitundu chako umekiweka wapi hasa?"

"Pale kwenye jiwe bapa. Wanapochota maji."

Mzee alitupa bomba. Anitha hakujua kama mzee anaweza kukimbia, na sasa alikuwa akimfuata nyuma hamfikii.

"Mama Yohane! Usichote!"

Mkewe alikuwa ameshajitwika ndoo. Mzee aliishusha, akaimwaga yote.

"Baba Yohane, una wazimu?"

"Nimesuuzia bomba la dawa korongoni."

"Leo?"

Mzee alimwangalia Anitha kama anayeomba asaidiwe kujibu. Matokeo ya Ijumaa Anitha alikuwa nayo, jibu la hilo hakuwa nalo.

"Kila msimu, tangu tupande zabibu," mzee alisema.