Nyumba Isiyo na Kibao

Siku hiyo jaribio langu liliharibika kwa mara ya tatu. Nilikuwa mwaka wa mwisho chuo kikuu, nikisoma biokemia na biolojia ya molekuli, na kazi niliyopewa ilikuwa kutafuta virusi katika majani ya mihogo, virusi vya ule ugonjwa unaoozesha mizizi chini kwa chini huku shina likionekana zima. Jeli niliyoiweka chini ya taa, ambamo vinasaba huonekana kama mistari, haikuonyesha hata mstari mmoja. Sijatoka maabara, simu ikaita. Alikuwa kaka Mhina, aliyenilea tangu baba afariki, mtu ambaye neno lake sijawahi kulipuuza.

"Hidaya, hiyo biokemia ukimaliza unaitwa nani?" aliniuliza. "Muuguzi namwelewa. Mwalimu namwelewa. Nimekupatia nafasi chuo cha uuguzi, na orodha inafungwa leo saa kumi na moja. Nijibu kabla ya hapo."

Nilirudi bwenini saa nane mchana, nikajitupa kitandani na viatu miguuni. Usingizi ulinichukua kama mtu anayesukumwa mtoni.

Nikajiona katika nchi ambayo ardhi yake ilitikisika kidogo kila unapokanyaga, na watu wote walikuwa wakikimbia. Mwanamke mwembamba, kucha ameziguguna hadi nyama, alinishika mkono bila kuniuliza. Akasema anaitwa Bi Wasiwasi na kwamba ananijua toka darasa la saba. "Twende, wenzako wamekwisha fika," alisema, akanivuta hadi kwenye lango ambapo Bwana Cheo, mnene, mwenye sauti ya upole, alikuwa akiwavika watu makoti. Kila koti lilishonwa jina kifuani: Daktari, Rubani, Wakili. Nilipekua rundo zima nisilione langu. "Asiye na jina hapiti," alisema Bwana Cheo, "lakini huruma ninayo. Chukua lolote." Nikavaa la Muuguzi. Mwanamke mwingine aliyekuwa nyuma yangu alilitazama kwa uchu, machozi yakimlengalenga, kwa maana hilo ndilo alilolitafuta tangu utotoni. Nikaona haya. Halikunienea mabegani, na kwake lingekaa kama ngozi yake. Nikalivua, nikampa, nikatoka mbio, Bi Wasiwasi akinifuata akilia kwamba nimejimaliza.

Nilikimbia mpaka pumzi ikanikatika, nikajikuta mbele ya nyumba ndefu isiyo na kibao mlangoni. Ndani, mama mmoja wa makamo alikuwa akiosha vijichupa, kimoja kimoja, wala hakuinua uso. Huyo ndiye Subira. Nilimdhania mpole, kumbe mkali. Binti yake Udadisi alinirukia kwa maswali: majani uliyachuma lini, uliyasaga ukiwa umesimama au umekaa, uliyasafisha mara ngapi? Nikajibu mara moja, badala ya tatu, kwa sababu nilikuwa na haraka.

Nikamwuliza Subira, "Mama, wanaoingia humu hutoka kuwa nani?"

Akanifungulia milango. Nikaona mtu akipima unga wa watoto kama una sumu ya ukungu, na mwingine akilinganisha damu za wagonjwa wa homa isiyojulikana, na bibi kizee akiandika juu ya mbegu aliyoihangaikia nusu ya maisha yake. Mlango wa mwisho ulifunguka kwenye benchi refu, wamekaa vijana na vyeti mapajani, wakingoja.

"Hawa nao?"

"Nao ni wangu. Wengine wataitwa kesho, wengine wataondoka wakatafute njia nyingine. Sikuahidi kitu, mwanangu. Mwenye kuahidi ni yule wa langoni."

Bi Wasiwasi alikuwa amekwisha ingia, amejibanza pembeni yangu, nami nikamwomba Subira amfukuze.

"Mwache akae," alisema. "Humu kila mtu ana wake. Ila kazi asiishike yeye."

Niliamka nimetota jasho, saa kumi na nusu. Nilikaa kitandani nikiitazama mikono yangu, nikafahamu kwamba aliyekuwa akifanya majaribio yale matatu ni Bi Wasiwasi, si mimi. Nikampigia kaka.

"Nafasi mpe mwingine anayeitaka," nilimwambia. "Nitaitwa nani, sijui, kaka. Huenda nikakaa bila kazi mwaka, huenda miwili. Lakini kazi yenyewe naijua."

Nikasikia anavuta kiti.

"Mama kapewa pingili za mihogo na jirani," alisema. "Anataka kupanda. Unaweza kujua kama zina ugonjwa?"

"Anitumie majani ya mihogo ya huyo jirani," nikasema. "Ila asinihimize."