Fundo la Bingwa

Mto ulikuwa umevunja kingo tangu asubuhi, na mama yetu alikuwa peke yake bondeni, katika nyumba ya chini kabisa. Simu yake ilipokatika alikuwa anasema maji yamefika kitandani. Boti tulikuwa nayo, gari tulikuwa nalo, na ndiyo kwanza tela linatoka getini, springi ya kushoto ikakatika. Tairi likajibana kwenye bati, tela zima likainama na boti yake juu.

Kaka yangu, ambaye ukoo mzima unamwita Bingwa kwa sababu hajawahi kukubali kushindwa ubishi, alichukua kamba, akajipenyeza uvunguni, akapima springi ya kulia iliyobaki nzima, tundu hadi tundu, na kupiga fundo kuweka alama ya urefu. Hiyo nayo ilikuwa imeliwa na kutu, kwa hiyo tulihitaji jozi. Tukaazima pikipiki ya jirani. Nilikaa nyuma, roho mkononi.

Muuza vipuri alikuwa anapandisha maboksi kwenye rafu za juu, naye akihofia maji. Akatubwagia jozi mbili juu ya kaunta.

"Za tela kama lenu nimebaki na hizi tu. Chagueni haraka, nafunga."

Bingwa akanyoosha kamba. Jozi ndefu ililingana na fundo, tundu kwa tundu. Ile fupi ilipungua vidole viwili.

"Hizi ndefu," akasema.

Mimi nilikuwa naziangalia zilivyopinda, vile vipande vya chuma vimelaliana kama bakuli ndani ya bakuli. Springi yetu kule nyumbani ilikuwa imenyooka karibu kama rula.

"Bingwa, ulipima boti ikiwa juu?"

"Sasa ningeishusha wapi, kichwani mwako?"

"Basi ulipima springi yenye mzigo. Ikibeba mzigo inanyooka, na ikinyooka inarefuka. Hizo ndefu zikibeba boti zitarefuka tena, zitakwama kwenye fremu."

"Dada, kamba haina ubishi. Mwenye ubishi ni wewe."

Kubeba jozi zote mbili, na sisi wawili, kwenye pikipiki moja hakukuwezekana. Kurudi kubadilisha pia kulikuwa ndoto, maana daraja tulilopita lilikuwa tayari linalambwa na maji. Nampenda kaka yangu, lakini dakika ile ningemzaba kibao. Mama yuko majini, yeye anatetea fundo! Nikazikumbatia zile fupi.

"Zikikataa," nikamwambia, "utangazie ukoo mzima kwamba ni mimi."

"Nitatangaza," akasema, na nilijua hatanii.

Nyumbani Bingwa alipandisha tela kwa jeki, akafungua za zamani, akafunga mpya, uso umekunjamana. Bolti ziliingia. Hilo halikunituliza, kwa sababu boti ilikuwa bado haijakalia chochote. Akaanza kushusha jeki kidogo kidogo. Chuma kikalia. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani, maana kama nimekosea, nimemuua mama kwa ubishi wangu mwenyewe.

Boti ikakaa. Springi zikanyooka, na nafasi ikabaki kati yazo na fremu. Bingwa akalala chini, akatoa kamba yake, akapima. Fundo likaangukia pale pale penye tundu. Akakaa uvunguni muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika.

"Ingia garini," akasema alipotoka.

Tulimkuta mama amesimama juu ya meza ya kulia chakula, maji magotini, mkoba kwapani. Tulimpitisha dirishani mpaka ndani ya boti. Alikuwa anatetemeka mwili mzima.

"Mmechelewa," akasema.

Nikasubiri Bingwa asingizie barabara, au jirani, au mimi.

"Nilipima vibaya, mama," akasema. "Dada ndiye aliyechagua. Ningechagua mimi, tusingefika."

Mama akamkazia macho, kisha akanigeukia.

"Huyu anaumwa?"

Nikacheka mpaka nikajikuta nalia, nimemshika mama mkono, na sikutaka kuuachia.