Suruali ya Idi Pili

Bi Mwajabu wa Mtoni hakuwa mtu wa kuongopa, lakini uongo mmoja aliusema, na siku ya Idi pili uongo huo ulimpandisha ngazi sabini na mbili.

Aliusema hospitali mwaka uliopita, mjukuu wake Najat aliponyooshwa mguu wa kulia. Mtoto alikuwa na matege tangu alipoanza kutembea, na daktari aliamua mguu mmoja kwanza, mwingine mwakani. Akiwa kitandani, Najat aliuliza, "Bibi, wewe unaogopaga?" Naye, kwa kutaka kumpa moyo, akajibu, "Mie? Mie sijui hata woga unafananaje."

Sasa zamu ya mguu wa kushoto ilikuwa Alhamisi, na Najat, miaka tisa, aligoma. Hakulia wala hakupiga kelele. Alikaa mkekani akasema haendi. Mama yake alibembeleza, babu yake Mzee Mwinjuma akaahidi baiskeli, wapi! Mwishowe mtoto alichukua simu akamwonesha bibi yake watu wanaoteleza angani kwenye waya, katika bustani moja ya mapumziko huko Kigamboni.

"Mke mwenza, wewe si huogopi? Twende Idi pili. Ukiteleza, Alhamisi naenda. Usipoteleza, basi na wewe unaogopa, na mie siendi."

Ndivyo walivyoitana siku zote, mke mwenza, wakimgombea mzee yule mmoja kwa utani. Safari hii hakuna aliyecheka.

Kwa hiyo Idi pili Bi Mwajabu alisimama kwenye foleni na dera lake jipya la zambarau, hina mikononi, khanga mabegani. Msimamizi wa mikanda, mwanamume wa makamo aitwaye Gaspar, alimtazama juu hadi chini.

"Shikamoo mama. Mikanda hii inapita mapajani. Kwa dera haiwezekani."

"Marahaba. Basi nitakaa upande, kama kwenye baiskeli."

Foleni nzima iliangua kicheko. Gaspar naye hakuweza kujizuia. "Mama ni Mzaramo?"

"Wa kuzaliwa."

"Nilijua tu! Mie Mnyamwezi wa Tabora, mtani wako. Nyie Wazaramo mkiitwa popote, mnauliza kwanza kama kuna ngoma."

"Na nyie mnauliza mzigo uko wapi mbebe. Leo mzigo ni mie. Ole wako uniangushe."

Watu wakacheka tena, ila Najat. "Twende nyumbani, bibi," alisema taratibu, na Bi Mwajabu akaiona Alhamisi ikimponyoka hivihivi, kwa sababu ya nguo.

Mwanamke aliyekuwa nyuma yao alimgusa bega. "Shikamoo mama, na Idi Mubaraka. Naitwa Demetria, nafundisha shule kule Sinza. Nina suruali ya michezo humu kwenye begi, nilibeba ya kubadilisha. Itakuenea. Mie na wewe Mungu hakutunyima."

"Marahaba, mwanangu. Nitaivalia wapi na watu wote hawa?"

Demetria alizitoa khanga mabegani kwa Bi Mwajabu, moja akaishika na wifi yake aliyefuatana naye, nyingine wakaipokea akina mama wawili wasiojuana, mmoja wa baibui, mmoja mwenye rozari shingoni. Wakamzunguka na kumpa mgongo, kama wanawake wanavyomsitiri mwenzao aliyeshikwa na uchungu njiani.

"Wanaume!" Gaspar alipaza sauti, naye akageuka. "Tazameni minazi! Hesabuni madafu!"

Bi Mwajabu alivaa suruali akiwasikia wanaume wazima wakihesabu madafu kwa sauti, na machozi yakamlengalenga.

Walipozimaliza ngazi zote na kufika jukwaani, walifungwa pamoja, kwa kuwa mtoto mwepesi haruhusiwi kuteleza peke yake. Najat alikaa mbele, bibi nyuma. Gaspar alivuta kila kifungo mara mbili, akakagua tena. Bi Mwajabu akafumba macho, akasema Bismillahi, na ubao ukabaki nyuma.

Upepo ulimjaa masikioni. Waya uliimba. "Fumbua macho, bibi! Bata! Bata wengi!" Alifumbua, akaona bwawa chini na bata wakitawanyika. Kisha mwendo ukapungua, ukapungua zaidi, wakasimama hatua kumi kabla ya jukwaa la pili, wakarudi nyuma kidogo, wakaning'inia juu ya maji.

"Tulieni hapohapo!" sauti ya Gaspar ilitoka nyuma. "Wenzangu wanaleta kamba wawavute! Upepo umeuzuia mzigo wangu, mtani!"

Miguu ya Bi Mwajabu ilianza kutetemeka, na mikanda yote ikatetemeka nayo.

"Bibi. Unatetemeka."

Angeweza kusingizia upepo. Lakini mtoto alikuwa amefungwa kifuani kwake, anausikia moyo wake ukipiga.

"Naogopa, Najat. Naogopa mpaka meno. Na hospitali nilikudanganya. Walipokuingiza ndani nilikaa chini sakafuni, miguu imekufa ganzi. Nesi mmoja akaniletea kiti na chai."

Chini, bata walirudi mmoja mmoja.

"Sasa mbona umekuja?"

"Ningekuacha uje na nani?"

Mkono mdogo ulirudi nyuma, ukapapasa, ukaupata mkono wenye hina.

"Mie nilidhani siku ile naogopa peke yangu," Najat alisema. Hakuuachia mkono ule mpaka kamba ilipofika.

Waliporudi chini, Bi Mwajabu alitaka kuzungushiwa khanga tena ili arudishe suruali. Demetria alikataa.

"Kaa nayo, mama. Utaniletea Krismasi, uje na mjukuu mle pilau."

"Krismasi mbali," alisema Najat. "Aivae Alhamisi."

"Niende hospitali na suruali, Mtoni nzima inione?"

"Utafunga khanga juu, mke mwenza. Ukianza kutetemeka, unanishika mkono. Na mie nikianza, nakushika."

Bi Mwajabu akamgeukia Demetria.

"Eti mwalimu, hii nikiifua leo, itakauka kabla ya Alhamisi?"