Figo za Fundi Bomba

Wazazi wenzangu mnaouguza, someni kisa cha Mama Fundi kabla hamjafunga chupa ya chai kwenda nayo hospitali.

Mwanawe alikuwa fundi bomba, mtu mzima wa miaka arobaini na mbili, ana mke na kitambi, lakini kwa mama yake bado alikuwa wa kufutwa kamasi. Mshipa wake mkuu wa damu, ule unaotoka moyoni na kushuka tumboni, ulikuwa umevimba, na daktari wa upasuaji akasema ukiachwa utapasuka.

Akawachorea kwenye karatasi. Watafunga mshipa juu na chini, wakate palipovimba, waweke bomba la kitambaa. Fundi alifurahi kukutana na mwenzake wa kazi. Akauliza wataliunga kwa gundi gani, na alipoambiwa ni uzi na sindano tu, akatikisa kichwa kama aliyeona kazi ya kulipua.

Mama Fundi yeye alinasa jambo jingine. Mshipa ukifungwa, figo zitakaa bila damu, kwa hiyo watazipitishia maji baridi zisiharibike. Uti wa mgongo nao utalindwa, miguu isije ikapooza. Maji baridi? Huo ni ulinzi au ni kumtafutia mtoto kikohozi? Akaenda kwa jirani yake mshona mito, mwenye dawa ya kila kitu isipokuwa mdomo wake, akapewa unga wa mizizi wa kuzipa figo nguvu. Akauchemsha, akautia kwenye chupa ya chai, akawa anampelekea mgonjwa asubuhi na jioni.

"Mama, hii chai ina ladha ya zulia," Fundi alisema.

"Zulia umelila lini? Kunywa, baba."

Akanywa siku nne.

Siku ya tano daktari akaja na majibu ya damu, uso umemshuka. Figo zilizokuwa nzima wiki iliyopita sasa zilikuwa hoi. Figo hoi hawezi kuzifungia damu, huenda zisiamke tena, na mshipa nao hausubiri. Akauliza mgonjwa amekula nini. Fundi akataja uji na wali wa hospitali; chai ya mama hakuihesabu kuwa chakula.

Macho yote yakamgeukia mkamwana, kwa sababu Mama Fundi ndiye aliyeanza kumtazama. Akasema kwa upole kwamba yeye si msemaji, ila huyu binti mkono wake wa chumvi ni mzito. Mkamwana akajitetea kwamba wiki nzima mumewe anakula cha hospitali, na muuguzi akamuunga mkono. Mama Fundi akajitia kunyoosha shuka.

Daktari akaandika kwenye faili kuwa upasuaji umesimama. Kisha akamshika Fundi bega.

"Kuzilinda figo zako mle ndani tunaweza. Kuzilinda na kitu tusichokijua, hatuwezi."

Mama Fundi akalitazama tumbo la mwanawe. Shuka ilikuwa ikipanda na kushuka pale mshipa unapopiga. Akaimeza aibu kama kidonge kikubwa kisicho na maji, akainama, akaivuta chupa kutoka chini ya kitanda.

"Ni mimi, daktari. Msimsumbue mtoto wa watu."

Daktari akainusa, akauliza vikombe vingapi. Vinane. Hakugomba, na heri angegomba.

Wakamtundikia maji ya dripu, wakawa wanapima mkojo na damu kila siku. Siku tisa Mama Fundi alizikaa roho mkononi, kila Fundi akikohoa yeye anadhani mshipa umepasuka. Figo zikarudi. Wakampasua kwa saa sita nzima.

Alipozinduka, daktari akamwomba asogeze vidole vya miguu. Mama Fundi alikuwa ameshaviamuru kabla yake. Vidole vikacheza. Mfuko wa mkojo ulioning'inia kando ya kitanda ulipoanza kujaa, akaitangazia wodi nzima kwamba figo zinafanya kazi, hadi muuguzi akamwomba asiwaamshe wengine.

Ikabaki ya mkamwana. Mama Fundi alimsifia nywele, akamsifia viatu, binti wa watu akaendelea kukunja nguo za mumewe.

"Nilikusingizia," akasema mwishowe. "Mume wako angekufa, na mimi bado nahangaika na chumvi yako."

Mkamwana aliuliza unga umebaki kiasi gani. Nusu kopo, akajibiwa. Akachukua mkoba wake, akamwambia mama mkwe asimame, waende sasa hivi wakaumwage, yeye akiona kwa macho yake.

Wakaenda, mkamwana mbele.