Simama Katikati, Mutuku

Mtaa mzima wa Kawangware 46 ulijua kwamba Mutuku anaenda kuwa bosi wa farasi. Nani aliwaambia? Mutuku mwenyewe! Miaka na mikaka ameuza maji kwa mkokoteni wa punda, na sasa uwanja mmoja wa farasi karibu na Kibera ulikuwa unatafuta mtunzaji. Mtihani ulikuwa mmoja tu: umzungushe farasi kwa kamba ndefu, atembee duara safi, wewe ukiwa katikati. Mkewe Wanza, aliyechoka kuamka alfajiri kupanga foleni ya maji, akaanza kusali kwa bidii.

Akoth wa Kisumu Ndogo, mkufunzi wa pale, alimwonyesha mapema. "Simama usawa wa tumbo lake. Ukitangulia kichwa, umemfungia njia. Mjeledi uelekeze nyuma, usipige. Na usiongee sana, bro. Huyu si askari wa kanjo wa kubembelezwa."

"Mimi na wanyama? Wacha tu, madam."

Haya. Mtu amezoea kutembea mbele ya punda akimvuta, ataachaje?

Jioni alimfungua punda wake, Kanali, akamtia kamba uwanjani nyuma ya kanisa. "Twende, Kanali! Songa! Wee, unanisikia?" Kanali hakusikia. Mutuku akapita mbele ya kichwa, akavuta. Punda akageuka tu kumtazama. Akavuta tena, akageuka tena. Mwishowe aliyesimama katikati ni punda, na aliyekuwa akizunguka, jasho likimtiririka, ni Mutuku. Wateja walicheka hadi wakasahau mitungi yao.

"Huyu ni punda tu," alisema. "Farasi ana akili."

Kweli alikuwa nayo. Asubuhi ya mtihani yule farasi jike alitembea kidogo, Mutuku akamtangulia, farasi akasimama. Mutuku akavuta, akabembeleza, akapaza sauti, akatukana kwa Kikamba. Akoth alitazama mpaka ikawa Mutuku ndiye anayemzunguka farasi.

"Asante, Mutuku," akasema, kwa upole uliouma kuliko tusi. "Kamba iache hapo."

Alirudi 46 bila kusalimia mtu. Jioni alimtia Kanali kamba kwa mazoea tu, akabaki amesimama nyuma ya kanisa, fimbo ikining'inia upande wa mkia, mdomo umefungwa kwa uchungu. Kanali akatikisa sikio. Akaanza kutembea. Akazunguka duara safi, taratibu, kamba imelegea mkononi, na Mutuku hakuthubutu hata kukohoa.

Wanza alikuwa amesimama kando na mtungi wa foleni ya kesho. Alitazama raundi nzima, machozi yakimlengalenga.

"Baba Mukai, si ungenyamaza hivyo asubuhi?"

Mutuku akageuka, akapiga hatua moja mbele ya kichwa cha punda, akafungua mdomo ili amweleze vizuri.

Kanali akasimama.