Duka la Darasani

Asubuhi ile Mwalimu Nyamvula alimkuta Tumu peke yake darasani, amechutama nyuma ya meza ya duka, ulimi kauingiza ndani ya pakiti ya maziwa ya unga. Alikuwa ameichana pembeni ili uso wake upate kupita.

"Tumu!"

"Abee, mwalimu." Mtoto hakushtuka hata kidogo. Akajipangusa mdomo kwa kiganja. "Hii haina maziwa. Ina sabuni."

Ilikuwa na sabuni kwa sababu Nyamvula mwenyewe ndiye aliyeiosha. Duka lote lile lilikuwa kazi ya mikono yake: pakiti za unga, mikebe ya kakao, maboksi ya biskuti, vyote vitupu, vingine kaviomba kwa majirani, vingine kaviokota jalalani huku watu wa Mjambere wakimcheka. Ukutani alikuwa amebandika karatasi za mifuko ya simiti, akazichora herufi na pweza na minazi. Ukiona vyaelea vimeundwa. Kabla ya duka, watoto wake wa gredi ya kwanza walikuwa wakilala juu ya madawati jua likianza kupanda, maana uji wa shule ulikatika tangu muhula uanze, na wengi walitoka kwao na maji tu tumboni. Duka lilipokuja hawakulala tena. Walinunua na kuuza kwa vizibo vya soda, wakajumlisha, wakarudishiana chenji, wakabishania bei kama mama zao sokoni Kongowea. Hata watoro walirudi. Nyamvula alijivunia darasa lake, na alikuwa na haki.

Kujivunia huko ndiko kulikomponza. Mwalimu mkuu, Bwana Ngumbao, alilipiga picha duka akazituma kwa wafadhili, na leo wafadhili walikuwa wanakuja kuliona darasa linalowavuta watoto. Nyamvula hakuwa mwalimu wa serikali. Alikuwa ameandikwa na kamati ya shule, na mkataba wake ulikuwa ukingoni.

"Wageni wakiridhika, Mwarandu atautia sahihi mkataba mwingine," Ngumbao alikuwa amemwambia. "Wasiporidhika, mimi sina la kukusaidia."

Mwarandu ndiye mwenyekiti wa kamati, na ndiye mwenye duka kubwa pale njia panda. Kengele haijalia, tuktuk yake ikasimama mlangoni, vijana wakashusha maboksi: sukari, maziwa, biskuti, unga.

"Toa takataka zako," Ngumbao akasema, akiingia nyuma yao. "Panga vitu vyenye kitu ndani. Mgeni hakaribishwi kwa pakiti tupu."

"Mwalimu mkuu, watoto hawa hawajala."

"Nani kakwambia ni vya kula? Ni maonyesho. Wageni wakiondoka vinarudi vilikotoka, vizima. Kikikosekana kimoja, utajuana na Mwarandu."

Nyamvula akaanza kupanga. Alipofika kwenye unga, mkono ulisita. Zilikuwa pakiti za unga wa uji, zimepigwa muhuri wa buluu: CHAKULA CHA WANAFUNZI. HAKIUZWI. Aliujua muhuri ule. Mwaka jana alikuwa akiuona kila siku jikoni mwa shule, kabla walimu hawajaambiwa kwamba chakula kimechelewa njiani.

"Unga huu ni wa watoto," akasema polepole.

Ngumbao alitazama mlangoni kwanza. Kisha akaitwaa pakiti mkononi mwake, akaiweka rafuni muhuri ukielekea ukutani.

"Funika kombe mwanaharamu apite. Wewe umeandikwa kusomesha au kupeleleza? Wako wangapi huko nje wenye vyeti vikubwa kuliko vyako, wanaililia nafasi hii?"

Nyamvula alikuwa na wanawe kule Magogoni, na mume ambaye kibarua kilimtoka. Akazigeuza pakiti zilizobaki, moja moja, na kwa kila moja alijichukia.

Watoto walipoingia, kelele zao ziliishia kizingitini. Hakuna aliyesukumana. Walikaa, mikono mapajani, macho yote kwenye rafu. Mmoja alimeza mate, na darasa zima likamsikia.

Wafadhili walikuwa wamemtuma Bi Judy, mwanamke mchangamfu aliyetoka Nairobi. Alisimama katikati ya chumba akazunguka na simu yake, akaipiga picha minazi, akampiga picha pweza. Mwarandu alijikalia kitini karibu na mlango.

"Na wanatulia hivi kila siku?" Bi Judy akauliza.

"Kila siku," Ngumbao akajibu. "Ni mazingira tu, madam."

"Ebu wanunue kitu nione."

Nyamvula akamwita Tumu, kwa kuwa ndiye aliyekuwa hodari wa hesabu, na akamweka mwenzake, Kombe, awe muuzaji.

"Hodi dukani," Tumu akasema.

"Karibu, mteja. Wataka nini?"

"Unga. Vizibo vingapi?"

"Vitano."

Tumu akavihesabu kwa sauti, akavipanga mezani, akashukuru. Akaupokea unga kwa mikono miwili, akaukumbatia. Siku zote mnunuzi aliirudisha pakiti rafuni ili mwenzake naye anunue. Tumu aligeuka, akaelekea mlangoni.

"Wapi, Tumu?"

"Kwetu. Nishanunua. Nampelekea mamangu apike, kisha nitarudi."

Bi Judy akacheka, na hakuwa na ubaya. "Jamani! Ameingia kabisa kwa mchezo!" Simu yake ikamfuata mtoto.

Mwarandu hakucheka. Aliunyoosha mguu wake, ukakingama mlangoni. Nyamvula akapiga magoti mbele ya mtoto.

"Nipe, Tumu."

"Si nimelipa?"

"Umelipa."

"Nimekosea hesabu?"

"Hukukosea, mwanangu."

"Basi?"

Nyamvula aliishika pakiti, mtoto akaing'ang'ania. Akavibandua vile vidole vyembamba, kimoja baada ya kimoja, huku anatabasamu kwa ajili ya simu. Tumu hakulia. Alivitazama viganja vyake, akarudi kukaa.

"Pole, haikutoka vizuri," Bi Judy akasema, akiikagua simu. "Mgongo wa mwalimu umeziba. Turudie, lakini sasa mtoto asiende nje, sawa? Nani mwingine anataka kununua unga?"

Mikono ikainuka. Yote. Hata wale wa nyuma, ambao hawakuwahi kujibu swali tangu wasajiliwe, walikuwa wamepanda juu ya madawati, vizibo vimejaa viganjani, wanaita, "Mimi, mwalimu! Mimi!"

"Unaona vile wanashiriki?" Bi Judy akamwambia Ngumbao, uso unamng'aa. "Hili ndilo darasa tumekuwa tukitafuta."

Mwarandu akainuka, akausukuma mlango, akatia komeo.

"Mchague mmoja, mwalimu," akasema. "Mgeni ana safari."

Nyamvula alisimama na ule unga kifuani. Akaanza kuitazama mikono iliyoinuliwa, dawati hadi dawati, akiutafuta ule ambao vidole vyake vingekuwa vyepesi kubandua.