Mikono ya Nili

Katika picha ya baba yake, ambayo kwa sasa ilikuwa nyeusi na nyeupe kwenye kompyuta, binti alikuwa amefika kwenye kidole gumba cha kushoto. Ndivyo alivyojifundisha kusafisha picha: kwanza huondoa rangi zote, apime mwanga na kivuli, ndipo azirudishe.

Karani wa kiwanda cha nguo, aliyekuwa akingoja kwenye benchi la studio, akanyanyuka.

"Hapo hapo, usiguse tena. Meneja anaitaka hivyo, nyeusi na nyeupe. Ina heshima."

"Hii ni hatua tu, kaka. Bado rangi."

Picha za wastaafu wote kiwandani zilikuwa za rangi, alizisafisha mwenyewe. Heshima hii imezuka leo, kwa baba yake, aliyechovya vitambaa kwenye mapipa ya nili miaka thelathini na mmoja bila kupewa glavu, hadi mikono ikawa buluu mpaka vifundoni. Picha ingetundikwa ukumbini, wageni wa kiwanda wanapokunywa chai.

Hakumlaumu karani. Ametumwa tu.

"Baba, hebu njoo uone."

Mzee akasogea kutoka mlangoni, akavaa miwani, akainama. Katika ule ujivujivu mikono yake ilikuwa imeingia giza, kama ya mtu aliyetoka kuchimba mtaro akalipita bomba la maji moja kwa moja.

"Huyu hakunawa," akasema.

"Mzee wangu, nani atatazama mikono?" karani akauliza.

"Miaka yote nimeisugua kwa sabuni na mchanga kabla sijagusa sahani ya mke wangu. Leo mnitundike ukutani mchafu?"

"Basi dada aifute hiyo buluu, apake rangi ya ngozi."

"Hiyo itakuwa mikono ya mwingine. Mtafute mwenye hiyo mikono umpe picha."

Karani akacheka, kisha akakumbuka kazi yake. "Meneja hataitundika."

"Asiitundike," binti akajibu kwa sauti ileile ya chini. "Nitaiweka dirishani hapa. Zamu zote mbili hupita mtaa huu zikitoka kazini."

"Dada, unanitia matatani."

"Mwambie mimi ndiye niliyekataa. Mjumbe hauawi."

Akabonyeza. Rangi zikarudi: shati la kahawia, ukuta wa kijani, na mikono ile. Lakini kamera ilikuwa imeivuta buluu kuelekea zambarau, na hilo hakulikubali. Mzee akaweka kiganja chake kando ya kioo cha kompyuta, binti akawa anatazama huku na kule, akirekebisha kidogo kidogo, kidole kimoja baada ya kingine.

Karani akarudi kukaa. Baada ya muda akasogeza benchi karibu. "Hicho cha kati bado kina uzambarau," akanong'ona.

"Nakiona."

Kidole hicho kilipokamilika, jua lilikuwa limeshaondoka dirishani. Mzee akanyoosha mkono kuwasha taa.

"Acha, baba. Taa huidanganya buluu. Vimebaki vidole saba. Njoo kesho asubuhi."

"Nije na mkono upi?"

"Yote miwili. Na usiifiche mifukoni njiani."

"Tangu lini nimeificha?" mzee akauliza, akamtazama karani mpaka karani akainamisha macho.